Salfa Ifike Kabla ya Ua
Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama tawini



Mmetutaka tuwape khabari za Chidya, huko Masasi, tulikofungua biashara yetu ya duka. Wengi wenu mwaijua Chidya kwa skuli yake ya zamani ya wamishenari wa Kiingereza. Mikorosho yake hamwijui. Ama sisi twakaa nyuma ya mizani, na akaaye nyuma ya mizani huona hali ya mkulima kabla haijaandikwa gazetini. Basi tutasema juu ya jambo moja: msaada ambao serikali humpa mkulima mdogo wa korosho watoka mfukoni mwa nani, nao wamfikia lini.

Mkorosho hutoa maua kuanzia Juni hata Septemba, kwa kadiri ya mahali. Wakati huo huo huingia ubwiriunga, ukungu mweupe mfano wa unga, ukakausha maua na machipukizi. Dawa yake mashuhuri ni salfa ya unga. Hupulizwa alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu mpaka korosho zishike. Salfa ifikayo Agosti kwa ua lililochanua Juni ni kanzu ya Idi iliyotoka kwa fundi Idi ikiwa imekwisha pita.

Na miezi hiyo ndiyo miezi ya dhiki. Akiba ya msimu uliopita imekwisha, na mavuno mapya hayaanzi mpaka karibu na Oktoba. Mkulima huja dukani kukopa sukari, sabuni na sare ya mtoto, nasi huandika daftarini. Daftari likijaa, na salfa ya serikali haijaonekana, huenda kwa mtu wa kangomba. Kangomba asili yake ni kipimo cha kienyeji kisicho mizani. Siku hizi limekuwa jina la biashara yenyewe. Fedha hutolewa leo, na korosho huhesabiwa ingali ua, kwa bei ya mwenye njaa. Hatusemi kwamba sisi wachuuzi ni malaika. Wamo miongoni mwetu wenye duka mbele na kangomba uani. Lakini mlango huo hufunguliwa na salfa iliyochelewa.

Yatupasa tuseme haki. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kiasi cha tani 145,000 za korosho. Kufika 1986/87 zilikuwa hazifiki tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mikorosho yao ikabaki mbali porini. Bei ikawa duni, kisha ubwiriunga ukaja juu ya hayo. Zao lilifufuka kwa sababu wataalamu wa serikali wa Naliendele, Mtwara, walionyesha njia ya salfa, na kwa sababu mkulima alipata njia ya kuipata. Hilo ni tendo jema, na kuwa kwetu katika upinzani hakutulazimishi kulificha.

Sasa, fedha za salfa zatoka wapi? Korosho ghafi ziendazo nje, wanunuzi wake wakubwa wakiwa India na Vietnam, hutozwa ushuru bandarini. Mnunuzi ndiye aulipaye, lakini sisi wenye maduka twajua hesabu hiyo: mnunuzi huutoa kwanza katika bei anayomtajia mkulima mnadani. Kwa mujibu wa sheria iliyokuwapo, asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa ya zao lenyewe, kwa pembejeo, utafiti na mengineyo. Asilimia 35 ikienda Hazina. Mwaka 2018 Bunge likaibadili sheria, fedha zote zikaingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga, wasisikilizwe.

Yaliyofuata mwayakumbuka. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba waliikataa bei ya wanunuzi mnadani, wakarudi makwao na korosho zao ghalani. Mwezi uliofuata Rais Magufuli akaamuru serikali izinunue zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapelekwa kuzibeba. Bei ilikuwa nzuri, na watu walishangilia. Kisha ukaja uhakiki, ikamlazimu mtu athibitishe shamba lake, na malipo ya wengi yakakawia hata ndani ya 2019. Msimu wa 2017/18 zilikuwa zimepatikana tani 313,000. Ule wa 2018/19 zikashuka kiasi cha tani 225,000. Mvua na jua vina sehemu yao katika hesabu hiyo. Hata hivyo mkulima aliyeikosa salfa hana haja ya kufundishwa sababu ya ua lake kukauka.

Tangu msimu wa 2021/22 serikali imegawa pembejeo za ruzuku, na katika msimu wa 2024/25 zao lilipita tani 500,000. Twaisifu kazi hiyo. Tulilo nalo ni neno lililotumika. Pale kijijini salfa hukabidhiwa kwa hotuba, na mkulima hufundishwa kusema ahsante, kana kwamba amepewa sadaka. Sadaka haidaiwi, na aitoaye aweza kuizuia mwakani bila ya kuulizwa. Haki ina tarehe yake na ina hesabu yake. Twataka katika kila chama cha msingi ibandikwe karatasi ukutani: kilo zilizopimwa, ushuru uliokatwa, mifuko ya salfa iliyorudi, na siku iliyofika. Karatasi moja, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na iwepo kabla ya Juni.

Nanyi wenye mikarafuu msidhani haya ni ya bara peke yake. Mnunuzi wenu ni mmoja, ZSTC, nanyi mmeahidiwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Miaka bei ilipokuwa duni, karafuu za Pemba zilivuka usiku kwenda Mombasa. Hiyo ilikuwa kangomba yenu. Nani kati yetu hapa amepata kuonyeshwa kwa maandishi hiyo bei ya dunia ilikuwa ngapi siku alipopimiwa gunia lake? Na ndugu zetu wa pilipili manga na mdalasini, ambao hawana hata ahadi hiyo, nao wamwulize mwakilishi wao akija.

Tumekuja na karatasi ya makato kutoka Masasi, jina la mwenyewe tumelifunika. Itapita mkononi mwa kila mmoja, isomwe msitari kwa msitari, khasa ule wa tatu, kisha tuanze maswali.