Swichi ya Betri Mbili Mashuani

Leo tuzungumze juu ya ile swichi ya duara iliyo karibu na injini, katika mashua yenye betri mbili. Ina vituo vinne: 1, 2, zote mbili, na kuzima.

Betri ya 1 iwe ya kuwashia injini, na ya 2 iwe ya taa na redio. Mkitia nanga usiku mvue samaki, zimeni injini, kisha geuzeni swichi kwenye 2. Wengi huiacha kwenye zote mbili, wakidhani wamejiongezea nguvu. Kumbe taa hula betri zote pamoja! Alfajiri injini haiwaki, pwani iko mbali, na upepo unazidi.

Asubuhi washeni kwa 1, kisha pelekeni swichi kwenye zote mbili ili zijazwe pamoja. Lakini injini inapozunguka, swichi isipite kwenye kuzima hata kidogo. Alteneta, yaani mashine inayojaza betri, itakosa pa kupeleka umeme wake, nayo yaweza kuungua papo hapo.

Sasa tuipime, mashua ikiwa bado gatini. Pimeni kila betri iliyopumzika usiku kucha: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu hivi. Washeni injini kwa 1 peke yake. Izimeni, mwashe kwa 2 peke yake. Ikiwaka kwa moja tu, msifungue kamba. Halafu gusani kifuniko cha swichi. Kikiwa cha moto, nati zimelegea au zina kutu. Ondoeni kwanza waya kwenye betri, ndipo mzisafishe na kuzikaza.