Nani Akabidhiwe Funguo za Misitu?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wananchi wa Mabatini, Mwanza)



Tumetakiwa tuseme juu ya jambo ambalo wengi hulidhani ni la wakubwa peke yao, nalo ni kiti cha mkuu wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na namna ya kumpata mtu wa kukikalia kila kinapokuwa wazi. Yupo atakayeuliza: watu wa Mabatini, wenye kujenga juu ya mawe, wana nini na misitu? Jawabu limo jikoni mwake. Mwenye nguvu hununua mkaa kwa gunia, mnyonge hununua kwa kopo, na wote wawili wanapika kwa mti uliokatwa mbali na macho yao. Na mvua kubwa zinyeshapo, Mto Mirongo ukafurika ukaingia majumbani mwetu, yale maji mekundu ni udongo wa vilima vilivyovuliwa nguo.

Wakala huu uliundwa mwaka 2010 ukaanza kazi mwaka 2011, ukachukua kazi za utekelezaji zilizokuwa mikononi mwa Idara ya Misitu na Nyuki. Baadaye ukafanywa jeshi usu, watumishi wake wakavaa magwanda na vyeo, na mkuu wake akaitwa Kamishna wa Uhifadhi. Sisi raia khabari za uteuzi wake huzisikia redioni, jambo likiwa limekwisha. Hatujui ni nani wengine waliofikiriwa, wala waliulizwa maswali gani, wala walijibu nini.

Sasa tunaomba mtusikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Sisi wenye maduka twaijua tofauti ya mtaji na faida. Mtu akikuachia duka lake ulilinde, kisha akakwambia kwamba ujira wako utatoka katika mauzo, na kwamba atakusifu kwa kadiri ya fedha utakazoleta jioni, je, utalinda au utauza? Utauza. Utauza sukari, na unga, na ikikwisha bidhaa utauza na mbao za rafu. Tena utafanya hivyo kwa moyo safi, kwani ndivyo ulivyoagizwa.

Basi Wakala wa Misitu, kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya mapato yake imetokana na mrabaha wa magogo, mbao, kuni na mkaa. Mlinzi anakula katika kile anachokilinda. Na tunaposomewa taarifa za kumsifu mkuu, aghalabu jambo la kwanza kutajwa ni makusanyo: mwaka huu yamepanda, mwaka ujao yatapanda zaidi. Hatukatai kwamba Serikali inahitaji fedha. Twauliza tu, ni faida hiyo au ni mtaji? Hesabu ya misitu yote ya nchi iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha hekta milioni 48.1. Na baina ya mwaka 2002 na 2013, kwa hesabu za Serikali yenyewe, zilikuwa zikipotea hekta zaidi ya 469,000 kila mwaka. Mwenye penseli na agawanye. Atapata yapata miaka mia moja, kisha duka tupu.

Tena lipo shamba la miti huko Chato, ambalo mwaka 2021 Rais Magufuli alilipa jina la Silayo, yaani jina la mkuu wa Wakala aliyekuwapo kitini wakati ule. Hatumsemi vibaya Profesa yule. Ni mtu wa elimu, na misitu ameisomea. Tunausema mwendo. Mti wa mbao hungoja miaka mingi kabla ya kusema kweli juu ya aliyeupanda, na sisi twaona ingefaa jina nalo lingoje.

Wako wanaodhani kwamba dawa ya yote ni kumwondoa mtu na kumweka mwingine. Na watazame Kenya. Mwaka 2018 mito ilipopungua na watu wakapiga kelele, Serikali ya huko ilipiga marufuku kukata miti katika misitu ya umma kwa siku 90. Waziri Keriako Tobiko akaunda jopo chini ya Bi Marion Kamau wa Green Belt Movement, jumuiya iliyoasisiwa na marehemu Wangari Maathai. Jopo likasema wazi kwamba rushwa imeota mizizi katika Shirika la Huduma za Misitu, tangu bodi hadi uongozi. Mkuu wa shirika akaondoka, akashika mwingine, na baada yake wengine. Amma zile siku 90 zikawa miaka mitano na zaidi. Julai 2023 ndipo William Ruto, yeye yule aliyeitangaza marufuku akiwa Naibu, alipotangaza kuiondoa akiwa Rais. Viti vilibadilishwa, na mwenye kiwanda kidogo cha mbao asiye na hatia akafunga mlango pamoja na mwizi. Mizani ikiwa mbovu, kumbadilisha mpimaji hakuongezi ratili.

Ndugu zetu wa Visiwani watakaoyasoma maneno haya gazetini wanajua kwamba misitu si jambo la Muungano, na Wakala hauna amri Jozani wala Ngezi. Lakini wao wana la kutufunza. Jozani ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na vijiji vinavyoizunguka hupata sehemu ya viingilio vya wageni. Mwanakijiji wa pale anapata chochote kwa sababu mti umesimama. Hiyo ndiyo faida, na mtaji uko palepale.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa mvua zikiwapo ili yafae wakati wa kiangazi. Mradi wa HASHI ulipoanza Shinyanga mwaka 1986, ngitili zilizoandikwa zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mradi ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mabwana misitu walisaidia, hapana shaka, ila waliolinda ni wazee wa vijiji na sungusungu wao, kwa kuwa majani yale ni ya ng'ombe wao wenyewe.

Kwa hiyo mtu tunayemtaka ni yule aliyepata kufanya kazi na wazee wa namna hiyo akawasikiliza. Shahada ni njema, na gwanda si baya, lakini havitoshi. Jingine: Serikali imeweka mkakati wa mwaka 2024 kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Ni jambo jema. Ila mkaa ukipungua, mrabaha nao utapungua, na Wakala utakula nini? Anayetaka kiti na atujibu hilo kabla hajakalishwa. Na atujibu la pili: tangu Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, mzigo uliokuwa ukingoja kivuko huvuka kwa dakika chache. Mizani na wakaguzi vimeongezwa, au ni magari tu?

Tunayoyataka ni haya: majina ya wanaofikiriwa yatangazwe kabla ya uteuzi, waulizwe hadharani, khasa mbele ya watu wa vijiji vyenye misitu, na mkuu apimwe kwa hekta zilizobaki zimesimama, makusanyo yafuate nyuma. Barua ya kumpelekea Mbunge wetu, ayafikishe haya kwa Waziri wa Maliasili na Utalii, imekwisha andikwa na iko mezani kwa Katibu. Anayeafiki na atie jina lake kabla ya magharibi, na asiyejua kuandika atie dole gumba, wino upo.