Mguu Kwanza, Kiatu Baadaye

Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yametoka. Mmeyasikia, mmeyatafuta kwenye simu, mmepongezana. Hatutayarudia hapa. Sasa mzazi ameshika fomu ya kujiunga na shule na anapiga hesabu: sare, madaftari, godoro kwa wa bweni. Kituo hiki cha redio kina neno juu ya mstari mmoja wa fomu hiyo, mstari ambao kila mwaka tunaupita mbiombio. Mstari wa viatu. Viatu vyeusi, vya ngozi, vya kamba, visigino vifupi.

Rangi imetajwa. Kamba imetajwa. Kisigino kimetajwa. Mguu wa mtoto haukutajwa popote.

Tulisema mwaka jana, na leo tunasema tena: mguu kwanza, kiatu baadaye.

Ada iliondolewa kuanzia Januari 2016, na shule za kata zimesogezwa karibu na watu. Hilo ni jema na tunalishukuru. Hata hivyo, wapo watoto wengi wanaokwenda kilomita nne au tano asubuhi, na kurudi nazo jioni. Hata mjini, mwanafunzi anayekimbiwa na daladala kwa sababu ya nauli yake ndogo huishia kutembea. Kwa mtoto huyo kiatu ndiyo nauli na ndiyo gari. Kikimuumiza, amechelewa. Kikimuumiza sana, hakuja.

Simama asubuhi moja kwenye geti la shule yoyote, uwatazame miguuni. Utamwona aliyekanyaga nyuma ya kiatu, kimelala chini ya kisigino kama kandambili. Mwalimu wa zamu atasema huyu hana nidhamu. Mwambie avue soksi. Utakuta lengelenge limepasuka juu ya kisigino, soksi imegandamana na kidonda. Mtoto huyu hana utovu wowote wa nidhamu. Anatafuta namna ya kufika darasani. Pembeni yake yuko mwingine anayeburuza miguu, na mbele ya kiatu chake amesokomeza karatasi za daftari ili kisimtoke. Mmoja kinambana, mwenzake kinampwaya. Lakini vyote viwili vilinunuliwa kwa njia moja: mzazi alikwenda sokoni peke yake, akataja namba, akalipa, akaondoka.

Namba, ndugu zangu, haitoshi. Katika viatu vya namba 36, 37 na 38, kutoka namba moja hadi nyingine ni theluthi mbili za sentimita, yaani haifiki hata milimita 7. Tena kila kiwanda kina kalibu yake. Thelathini na nane ya huyu inaweza kuwa thelathini na saba ya yule. Na namba hiyo inasema urefu tu, haisemi upana. Mguu uliokua ukitembea pekupeku na kwa kandambili hutanuka mbele, vidole vikakaa kwa nafasi. Mguu huo ukiuingiza kwenye kiatu chenye pua nyembamba, umekwisha kuuonea kabla haujapiga hatua.

Basi upimwe. Kupima hakuhitaji fedha. Kunahitaji karatasi na kalamu.

Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichotosha asubuhi kinaweza kubana saa kumi. Mtoto asimame juu ya karatasi, asikae, maana mguu ukibeba mwili hutandaa. Shika kalamu wima, zungushia unyayo, kisha wa pili vilevile. Miguu ya mtu mmoja mara nyingi haifanani, kwa hiyo kata ramani ya mguu ulio mkubwa. Hiyo ndiyo ya kwenda nayo sokoni, uwe Kariakoo, Mwanjelwa au Makoroboi. Iingize ndani ya kiatu. Ikikunjamana pembeni au mbele, kirudishe kiatu, hata kama muuzaji anaapa kwamba kitatanuka.

Ukiweza kwenda na mtoto mwenyewe, ni bora zaidi. Avae soksi za shule, avae viatu vyote viwili, asimame. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako, na kumbuka kwamba kwa baadhi ya watu kidole kirefu ni cha pili. Nafasi hiyo inatosha kwa kukua. Kumnunulia namba mbili zaidi ili avae hadi kidato cha tatu ni kumfunga mizigo miguuni. Kisha kikunje kiatu kwa mikono: kipinde pale vidole vinapopindia. Kikivunjikia katikati ya unyayo, hakitambeba. Bonyeza nyuma ya kisigino, pawe na ugumu. Ingiza mkono ndani, upapase mishono na misumari, kwa sababu kile ambacho kidole chako kinakigusa mara moja, mguu wake utakigusa maelfu ya mara kabla ya kengele ya kwanza.

Kuna viatu vyeusi vinavyong'aa, vinaitwa vya ngozi kwa bei ya plastiki, na ni plastiki. Havipitishi hewa. Jasho linabaki ndani, fangasi wanapata makao, na havitanuki hata uvivae mwaka mzima. Mzazi hakukosea kuvichagua. Fomu imedai ngozi, mfuko umekataa ngozi, akachukua kinachofanana.

Na mtumba je? Kituo hiki hakiwasemi vibaya wanaovaa viatu vya mtumba. Viko vilivyo imara kuliko vipya vingi. Lakini angalia mambo mawili. Ndani ya kiatu kilichovaliwa sana, unyayo wa mwenyewe wa kwanza umeshajichora, na mguu wako utalazimika kuufuata. La pili ni soli. Zile soli laini za povu la poliurethani huoza polepole kwa unyevunyevu, hata kama kiatu kilikaa kabatini. Kinaonekana kipya, unakinunua, na baada ya siku chache soli inamomonyoka njiani. Ikandamize kwa ukucha. Ikitoa unga au ikibaki na shimo, iache.

Haya hayawahusu watoto peke yao. Mama lishe anayesimama tangu alfajiri, mlinzi wa zamu ya usiku, muuguzi, machinga anayezunguka na bidhaa begani, wote wanaishi kwa miguu yao. Na mwenye kisukari aangalie zaidi ya wote. Ugonjwa huo unaweza kuua hisia za mguu, akachubuka asijue, na kidonda kidogo cha kiatu kikaishia mguu kukatwa. Yeye akague ndani ya kiatu kila asubuhi kabla ya kukivaa, na akague nyayo zake kila jioni.

Sasa turudi kwenye lile ambalo kituo hiki kimelisema hadi wengine wakatuchoka. Ngozi. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Milioni 30! Na mtoto wa mfugaji anakwenda shule amevaa plastiki. Ngozi inatobolewa na visu vya wachunaji wasiofundishwa, inachomwa alama, inaozea nyuma ya machinjio. Ngozi iko hapa, mguu uko hapa, na kiatu kinatoka kwingine.

Tusisahau Morogoro. Miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, kilijengwa pale kiwanda cha viatu cha kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya viatu hivyo ilikusudiwa kuuzwa Ulaya. Mashine zilikuwepo. Wafanyakazi walikuwepo. Jengo lilikuwa la kuta za alumini, lisilopitisha hewa, katika joto la Morogoro. Kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikasimama. Wengi hulaumu mashine, wengine menejimenti. Sisi tunaongeza swali letu lilelile: nani aliupima mguu? Viatu vilikusudiwa mguu wa Ulaya, na mguu wa Kilosa na Mvomero ukabaki chini pale ulipokuwa.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na nguo na viatu vya mtumba kufikia 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara za mpango wake wa AGOA, nchi zikarudi nyuma, Rwanda peke yake ikashikilia msimamo. Mwaka 2019 ukaja, ukapita. Mtumba upo, na kiatu cha kushika nafasi yake bado tunakisubiri.

Dalili njema zipo. Karanga, Moshi, kiwanda cha ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF kinatengeneza viatu vya ngozi. Na karibu kila mtaa una fundi viatu mwenye msharasi, uzi na gundi, ambaye akipewa ngozi nzuri na kipimo sahihi anaweza kushona kiatu cha kuvaliwa miaka. Anachokosa ni mtaji na oda. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya mafundi viatu viko wapi kwenye orodha hiyo? Madiwani, viulizieni! Viandikisheni!

Wakuu wa shule, mstari ule mnaweza kuubadilisha. Andikeni: kiatu kimtoshe mtoto, kiwe na nafasi mbele, soli ipinde, na kiwe cheusi. Weusi uje mwisho! Na mtoto akifika amekanyaga nyuma ya kiatu, msianze na fimbo. Anzeni na kumvua soksi.

Wauzaji, mruhusuni mtoto atembee hatua ishirini kabla hamjapokea fedha. Kiatu hakitachakaa kwa hatua ishirini.

Wazazi, zimebaki wiki chache shule zifunguliwe. Msiende sokoni na namba. Nendeni na mtoto, na ikishindikana nendeni na karatasi. Atakayetembea ni yeye, kwa hiyo mwulizeni yeye kinambana wapi, na akisema kinauma, mwaminini! Msimwambie kitalegea. Msimwambie avumilie. Kirudisheni, mtafute kingine, na kingine tena, hadi atembee mbele yenu bila kuchechemea.

Mguu kwanza, Watanzania. Mguu kwanza, kiatu baadaye!