Shabiki Hutoka Wapi: Timu za Vyuo na Timu za Mji katika Bonde la Ufa la Kati

Kuanzia 2001 hadi 2005 ubingwa wa ligi kuu ya soka nchini Kenya haukutoka mikononi mwa timu mbili, na zote mbili zina historia katika kaunti ya Nakuru. Oserian, timu ya shamba la maua lililo kando ya Ziwa Naivasha, ilitwaa ubingwa 2001 na 2002. Ulinzi Stars, timu ya jeshi ambayo kwa miaka mingi ilicheza mechi zake za nyumbani katika uwanja wa Afraha, iliuchukua 2003, 2004 na 2005, kisha tena 2010. Nyuma zaidi wapo Nakuru AllStars, mabingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya taifa mwaka 1963, waliorudia ushindi huo 1969.

Kama ushabiki ungefuata vikombe, Nakuru ingejaa jezi za timu hizo tatu. Haikuwa hivyo. Jezi zinazotundikwa kwenye vibanda vya nguo mjini ni za kijani za Gor Mahia, za buluu na nyeupe za AFC Leopards, na za timu za Uingereza. Gor Mahia ilikaa bila ubingwa wa ligi kutoka 1995 hadi 2013, na katika miaka hiyo yote watu wake hawakuihama. Leopards haijaushika ubingwa huo tangu 1998, na bado jina lake likitajwa mjini Nakuru watu huacha wanachokifanya na kugeuka. Oserian ilipotoka ligi kuu, ni wachache nje ya Naivasha walioomboleza. Chanzo cha ushabiki, basi, kiko mahali pengine, na vyuo vikuu vya Bonde la Ufa vinaathiriwa na jambo hilo kuliko timu yoyote ya mji.

Nchini Marekani mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu una nguvu ambayo Mwafrika Mashariki huiona ya ajabu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watazamaji 107,601. Katika jimbo la Nebraska, ambalo halina timu kubwa ya wachezaji wa kulipwa, tiketi za timu ya chuo kikuu cha jimbo zimekuwa zikimalizika kila mechi tangu 1962. Wengi wa wanaozinunua hawakusoma hapo. Chuo ndicho timu pekee kubwa ya jimbo, na mtoto hurithi rangi yake kwa baba kama anavyorithi dini. Lakini mfano unaoifaa zaidi Nakuru ni wa Notre Dame, chuo cha Kikatoliki katika jimbo la Indiana. Wahamiaji Wakatoliki, Waairishi na Waitaliano na Wapolandi, waliofanya kazi za mikono katika miji mikubwa, walikichukua chuo hicho kuwa chao bila kukanyaga darasa lake. Timu ilipokuja New York kucheza na chuo cha kijeshi, walijazana katika treni za mjini kwenda kuitazama, na mpaka leo shabiki wa namna hiyo hupewa jina la mhitimu wa treni za chini ya ardhi. Alikuwa mgeni katika mji asimozaliwa, na timu ile ilimpa jina la kujibu alipoulizwa yeye ni nani.

Hilo ndilo lililotokea kwenye njia ya reli ya Kenya, ila hapa chuo hakikuhusika. Reli ilifika Kisumu 1901 ikiwa imepita Nakuru, na mji ukakua kama kituo cha reli katikati ya mashamba ya walowezi. Kazi za reli, za viwandani na za mashambani zilileta watu kutoka Nyanza, Magharibi, Kisii na nyanda za Kati. Mtu aliyeshuka kwenye treni alihitaji chumba, kazi na mtu wa kumzika akifa. Vyama vya ustawi vya makabila vilishughulikia mambo hayo matatu, na pembeni yake vikaunda timu za kandanda. Luo Union ilikuwa na matawi katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na timu yake ilikuwa bingwa wa Kenya 1964 na 1975. Gor Mahia yenyewe ilizaliwa Februari 1968 kwa kuunganishwa Luo United na Luo Star. Abaluhya Football Club, mama wa Leopards, iliundwa 1964 kutokana na timu ndogondogo zenye majina ya nyumbani: Marama, Samia, Bunyore. Kila jina la timu lilikuwa jina la mahali ambapo mchezaji na mtazamaji wangezikwa.

Serikali ilipoamuru mwanzoni mwa miaka ya 1980 majina ya kikabila yaondolewe, Abaluhya wakaitwa All Footballers Confederation, herufi zilezile tatu zikabaki, na watu wakabaki walewale. Jina la pambano lao na Gor, Mashemeji, linaeleza jambo ambalo wageni hawalitambui upesi: Wajaluo na Waluhya wameoana kwa vizazi vingi, na wanaozomeana jukwaani Jumapili huenda wakakaa meza moja kwenye mazungumzo ya mahari Jumamosi inayofuata.

Mechi kama hiyo inapochezwa Afraha, asiyejua angedhani timu hizo za ugenini ndizo wenyeji. Asubuhi mapema matatu huwa zimeanza kushusha watu kutoka Naivasha, Molo na Kericho, na wenyeji wa mitaa ya Kaptembwo na Rhonda huja kwa miguu. Ngoma ya isukuti hutangulia kusikika kabla ya wapigaji kuonekana. Muuza mayai pasua hukata yai, hulijaza kachumbari na kudondosha pilipili bila kuinua macho, kwa sababu foleni haimpi nafasi. Ndani, watu hawaketi kwa bei ya tiketi pekee. Huketi kwa watu wao: waliotoka kijiji kimoja, wanaofanya kazi karakana moja, wanaochangiana matanga. Mzee huja na mjukuu, na mjukuu huyo, aliyezaliwa Nakuru na pengine hazungumzi vizuri lugha ya babu yake, huipata Nyanza au Magharibi yake hapo jukwaani kwa dakika tisini. Hakuna urithi wa ushabiki wenye nguvu kuliko huo katika ukanda huu, na si haki kuudharau kwa kuuita ukabila mtupu. Kwa mtoto wa mji, mara nyingi ndio uzi wa mwisho unaomfunga na alikotoka mzee wake. Mashabiki wa Shabana kutoka Kisii, waliongoja miaka mingi timu yao irudi ligi kuu hadi 2023, wamefungwa kwa uzi huohuo.

Timu za kazini ziko kinyume chake. Oserian iliwapa wachezaji wake ajira, na mashabiki wake walikuwa wafanyakazi wenzao walioishi katika nyumba za kampuni. Furaha yao ilikuwa ya kweli. Lakini kibarua wa maua akimaliza mkataba huhama, na timu hubaki nyuma pamoja na kitanda cha kampuni. Ulinzi nayo ina mashabiki wake wa uhakika miongoni mwa wanajeshi na familia zao, ila mwanajeshi huhamishwa, na timu yenyewe ilihamia Nairobi. Mji wa Nakuru uliishangilia kwa heshima zaidi ya mapenzi. AllStars ndiyo iliyobeba jina la mji, na kisa chake kinasikitisha, kwa sababu katika mji ambao karibu kila mkazi mzima ana nyumbani kwingine, jina la mji lilikuwa halijawa nyumbani kwa mtu yeyote. Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021 ikiwa na wakazi zaidi ya laki tano. Wengi wao ni kizazi cha pili na cha tatu cha wahamiaji, na huenda sasa ndipo timu yenye jina la Nakuru ingeweza kupata watu wake.

Upande wa elimu, nafasi ambayo Mmarekani humpa chuo kikuu imeshikwa hapa na shule ya sekondari. Mkenya akimuuliza mwenzake alisoma wapi, jibu linalotarajiwa ni shule ya upili. Sababu iko katika bweni. Mvulana hupelekwa na sanduku la bati, hunyolewa, hupewa sare na nambari, na kwa miaka kadhaa hula, hulala na kuadhibiwa pamoja na wenzake walewale. Shule yake hupimwa dhidi ya jirani kwa matokeo ya mtihani wa taifa, na kwa mpira vilevile. Katika kaunti hii Nakuru High, Menengai na Utumishi Academy ya Gilgil ni miongoni mwa majina yanayosikika kwenye viwanja vya raga na soka vya shule. Wanafunzi huletwa kwa basi la shule, husimama kando ya mstari na nyimbo walizorithi kutoka kwa waliowatangulia, wakiwa wamebadilisha maneno ya pambio la kanisani ili limtaje mlinda lango wao. Sauti zao hukauka kabla ya kipindi cha pili. Miaka thelathini baadaye, watu hao wakiwa na vitambi na vyeo, watachangia basi jipya la shule pasipo kuombwa mara mbili.

Chuo kikuu huwapata watu hao wakiwa tayari wameshagawa mapenzi yao. Egerton, kilicho Njoro, kilomita 25 hivi kutoka mjini, ndicho kikongwe cha eneo hili. Lord Maurice Egerton alikianzisha 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu, na milango yake haikufunguliwa kwa watu wa rangi zote hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kikawa chuo kikuu kamili 1987. Kabarak kilianzishwa 2000, na Laikipia, kilichokuwa tawi la Egerton, kilipata hati yake 2013. Tarehe hizi zina uzito. Kwa familia nyingi, anayesoma chuo kikuu leo ndiye wa kwanza katika ukoo wake, kwa hiyo hakuna baba aliyemrithisha rangi za chuo. Tena kwa vyuo vya umma wanafunzi hupangiwa nafasi kutoka serikali kuu. Binti wa Kwale na kijana wa Homa Bay hujikuta Njoro kwa sababu alama zao zilitosha kozi fulani, pengine ya tatu katika orodha ya walizoomba. Huja na timu zao kutoka nyumbani, na muhula ukifungwa hurudi nazo.

Utaratibu wa mashindano nao umechangia. Soka ya vyuo huchezwa kwa kiasi kikubwa baina ya vyuo vyenyewe, katika michezo ya vyuo vikuu ambayo mtu wa mjini haisikii redioni wala haioni gazetini. Hata aliye tayari kuipenda timu ya chuo hana mahali pa kukutana nayo.

Raga imekwenda njia nyingine, na ndiyo inayoonyesha kwamba chuo kinaweza kuwa na watu wake. Vyuo vikuu vya Kenya vimeingiza timu zao katika ligi za klabu. Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliundwa 1977 na kuchukua Kombe la Kenya mwaka huohuo, na baada yake zikaja Blak Blad ya Kenyatta, Strathmore Leos na Egerton Wasps, ambao jina lao maana yake ni nyigu. Timu ya wanafunzi hukutana na ya watu wazima wenye ajira, na matokeo yake huchapishwa katika jedwali moja na ya klabu za jiji. Nakuru RFC, inayochezea Nakuru Athletic Club, ilipotwaa Kombe la Kenya 2013 na 2014, mwanafunzi wa Njoro aliweza kuwaza kwamba hao ni majirani wanaoweza kufikiwa.

Umati wa Wasps nyumbani hauhitaji jukwaa. Njoro iko juu ya mita 2,000, na manyunyu ya alasiri hayamkimbizi mtu. Watazamaji husimama kwenye nyasi kando ya mstari, karibu kiasi cha kusikia mabega yakigongana katika skramu. Humwita kila mchezaji kwa jina la utani. Wanajua chumba anacholala, anadaiwa na nani kwenye kibanda cha chapati, na somo gani analirudia. Mchezaji akiangushwa, anayepiga kelele ni mwenzake wa maabara. Huo ni ushabiki wa bweni uliopandishwa ngazi, na kasoro yake ni kwamba baada ya miaka minne waliokuwa uwanjani na waliokuwa kando ya mstari huondoka pamoja. Umati wa mashindano ya raga ya Prinsloo Sevens mjini Nakuru ni mkubwa mara nyingi zaidi, vijana wakifika kwa mabasi kutoka Nairobi na Eldoret, lakini wengi wao huja kwa ajili ya wikendi, muziki na marafiki. Jumapili jioni wakiulizwa nani alishinda, si wote wenye jibu.

Timu za Uingereza zimejaza pengo ambalo timu za vyuo zimeshindwa kulijaza. Arsenal na Manchester United hazimuulizi mtu kabila, shule wala kazi, na kiingilio cha ukumbi wa kuonyeshea mpira humtosha mwanafunzi na mwendesha bodaboda. Ndiyo maana katika mabweni ya vyuo, ambako watu wa kila pembe ya nchi huchanganyika, mabishano makali zaidi ni ya mechi inayochezwa maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Wanaobaki Njoro wanafunzi wakiondoka ni wenyeji: wauza chapati, wenye nyumba za kupangisha, waendesha bodaboda wa lango kuu, na watoto wanaoruka ua kuja kuutazama mpira usio wa duara. Mtoto aliyeanza kuwatazama Wasps akiwa na miaka saba amekwisha kuona vikosi viwili hivi vikipita kufikia sekondari, na anamkumbuka mchezaji ambaye wanafunzi wa sasa hawajapata kumsikia.