Mshipi wa Ufukweni: Namna ya Kuchagua Kipande cha Mbele

Mazungumzo haya yaliandaliwa kwa ajili ya wavuvi wa mshipi wa kata za pwani za Wilaya ya Pangani, katika matayarisho ya msimu wa kusi.



Kusi likishika, bahari huchafuka na vyombo vidogo hulala pwani. Ndipo wakazi waishio kati ya mdomo wa Mto Pangani na Mkwaja wanapogeukia uvuvi wa kusimama ufukweni na kurusha mshipi ng'ambo ya mawimbi. Uvuvi huo hauhitaji ngalawa wala injini. Unahitaji mshipi, ndoana, chambo na chubwi ya risasi. Hata hivyo, sehemu inayobeba taabu kubwa kuliko zote ndiyo inayonunuliwa bila kufikiriwa: kile kipande cha mwisho kinachounganisha mshipi mkuu na chubwi na ndoana. Hapa kitaitwa kipande cha mbele.

Kipande hicho kina kazi mbili. Ya kwanza ni kustahimili mrusho, na ya pili ni kumshika samaki. Kila kazi ina uzi wake.

Tuanze na mrusho, kwa kuwa unagusa usalama wa watu. Arushaye kwa fimbo ndefu huitupa chubwi kwa nguvu zote za mwili. Mshipi ukikatika katikati ya mrusho, chubwi huruka kama jiwe la teo, wala haichagui wa kumpiga. Ufukwe si wa wavuvi peke yao: wapo watoto waogao, wapo wachuuzi na wapita njia. Kwa hiyo warushaji wazoefu hufuata kipimo hiki: kila gramu 28 za chubwi zipate ratili 10 za nguvu ya uzi. Chubwi ya gramu 140 itahitaji kipande cha ratili 50, yaani takriban kilo 23. Urefu wake uwe kama mara mbili ya fimbo, ili mizunguko kadhaa ibaki kwenye gurudumu wakati wa kurusha. Nailoni nene yafaa kwa kazi hii, kwa kuwa hunyumbuka na kupokea mshtuko. Uzi wa kusuka, japo mwembamba na wenye nguvu, haufai mbele: haunyumbuki, hukata vidole, na hulika upesi ukisugua mwamba.

Kazi ya pili ni ya kitawi, yaani uzi mfupi ubebao ndoana. Hapa mvuvi hujiuliza maswali mawili: samaki anayetafutwa ana meno gani, na chini pakoje?

Penye mchanga mtupu, kwa changu na samaki wengine wasio na meno ya kukata, nailoni yatosha, tena ni ya bei nafuu. Udhaifu wake ni kwamba hunyonya maji na kupungukiwa nguvu, na jua huichakaza. Nailoni iliyokaa msimu mzima juani isiaminiwe tena.

Penye miamba na matumbawe, ambako chewa hukimbilia mapangoni, fluorokaboni ni bora zaidi. Uzi huu hainyonyi maji, huvumilia jua na msuguano, na huzama upesi kwa kuwa ni mzito kuliko nailoni. Tena hupindisha mwanga karibu sawa na maji yenyewe, hivyo samaki mwangalifu hauoni kwa urahisi maji yakiwa maangavu. Lakini bei yake ni kubwa, na ugumu wake hudai fundo lifungwe kwa utaratibu. Mto unapomwaga maji ya tope, faida ya kutoonekana hupotea, na fedha hiyo yaweza kuokolewa.

Kwa nguru, mzia na papa, hakuna uzi wa kutegemewa mbele ya meno yao. Hapo hutumika waya wa chuma kisichoshika kutu. Sentimita 20 hadi 30 juu ya ndoana zatosha kwa nguru na mzia; papa huhitaji waya mrefu zaidi, kwa kuwa ngozi yake nayo husugua uzi. Waya uliopinda kwa kujikunja utupwe jalalani, maana ndipo utakapokatikia.

Kitawi kiwe dhaifu kuliko mshipi mkuu. Ndoana ikinasa mwambani, kikatike kitawi peke yake. Mvuvi hupoteza ndoana moja badala ya kupoteza chubwi na makumi ya mita za mshipi. Bahari nayo husalimika. Nailoni haiozi upesi, na uzi uliobaki majini huendelea kunasa samaki asiye na mwenyewe. Huweza pia kumfunga kasa, na kasa hutaga katika wilaya hii: mayai yanayotagwa kisiwani Maziwe, ambacho hufunikwa na maji ya bamvua, huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasalimike.

Kabla ya kila mrusho, mvuvi apitishe kipande cha mbele kati ya vidole. Akihisi mkwaruzo, akate sehemu hiyo na kufunga upya. Fundo lilowanishwe kabla ya kukazwa, kwa kuwa joto la msuguano huudhoofisha uzi. Kisha atazame nyuma na pembeni, ndipo arushe.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Uzi usio na maandishi ya nguvu yake huonekana nafuu dukani, lakini gharama yake yaweza kulipwa na mtoto wa jirani. Mwenye swali amwone Afisa Uvuvi wa eneo lake, na vipande vichakavu vya mshipi virudi nyumbani pamoja na kitoweo.