Povu la Chupani na Malipo ya Pili



Mkulima wa miteremko ya Meru anaijua pombe ya ndizi. Inapoumuka hutoa povu, nalo ni hewa inayozaliwa hamira inapokula sukari. Katika pipa lililo wazi hewa hiyo hutoroka, na baada ya siku chache pombe huharibika.

Huko Trento, kaskazini ya Italia, kwenye milima kama hii, wakulima wa zabibu huifungia hewa hiyo chupani. Giulio Ferrari aliianza kazi hiyo mwaka 1902, baada ya kujifunza kwa Wafaransa. Divai iliyokwisha kuchachuka hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, ikafungwa, ikachachuka mara ya pili humo humo. Msukumo wa hewa hufikia kiasi cha mara 6 ya hewa ya kawaida. Ndiyo sababu chupa zake ni nene. Hulazwa juu ya mashapo yake kwa muda usiopungua miezi 15, na ile teule miezi 36. Kisha chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo mpaka mashapo yakusanyike shingoni, ndipo yatolewe. Tangu mwaka 1993 jina la divai hiyo limelindwa kwa sheria; asiyetimiza masharti halitumii.

Je, mkulima mdogo mwenye karo za kulipa ataingojaje miezi 15? Jibu lao ni ushirika. Padre Lorenzo Guetti alianzisha chama cha kwanza huko mwaka 1890, na wakulima wa Mezzacorona waliunda chao mwaka 1904. Mkulima hupeleka zabibu. Chama ndicho chenye mapipa, maghala na uwezo wa kungoja.

Kahawa ya Meru nayo humenywa, huchachushwa, huoshwa, hukaushwa, ikangoja mnada. Mwanachama hupokea malipo ya awali, akasubiri malipo ya pili. Hapo ndipo baadhi ya vyama hujikwaa. Mwanachama haambiwi kahawa iliuzwa kwa bei gani, wala ni makato gani yaliyofanywa. Msimu unaofuata mlanguzi huja na fedha taslimu, naye humwuzia kahawa ingali mtini. Asilaumiwe mwanachama peke yake. Kamati iliyoficha daftari imeshiriki kosa hilo.

Kwa hiyo kila chama kinahimizwa kutimiza mambo matatu. Kwanza, stakabadhi itolewe siku ile ile kahawa inapopimwa. Pili, bei ya mnada na makato yote yabandikwe ukutani. Tatu, tarehe ya malipo ya pili itangazwe, na ikiwa yatachelewa, mkutano uitwe kabla wanachama hawajauliza.

Subira yavuta heri, walisema wahenga. Lakini mwanachama hawezi kusubiri asichokijua. Chama kitakachomweleza kitaikuta kahawa yake ghalani msimu ujao.