UDONGO WA SHAMBA LETU UMEANDIKWA BAHARINI

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka bara na pwani)



Akina mama, akina baba na vijana wa vikundi, tumeombwa tuzungumze juu ya bahari, na wengi wenu mnatoka mahali ambapo bahari inaonekana kwa picha ya kalenda tu. Tunawaomba mvumilie. Habari yenyewe inaanzia kwenye shamba la mtu wa Machakos au Makueni, halafu ndipo inafika Malindi.

Mto Athi unatoka nyanda za juu karibu na Nairobi. Unapokea maji ya Mto Nairobi pamoja na uchafu wa mji, unapita Ukambani, unakutana na Mto Tsavo na kuanza kuitwa Galana. Ukikaribia pwani unaitwa Sabaki. Majina ni matatu lakini maji ni yale yale. Unaingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, na hapo wavuvi wanajua vizuri inavyokuwa: wakati wa kaskazi mkondo unayaleta maji ya matope kusini, upande wa mji, na wakati wa kusi unayasukuma kwenda kaskazini. Mvua ikinyesha sana huko bara, bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Ufuo wa Malindi wenyewe umepanuka kwa mchanga na udongo ulioletwa na mto huu.

Sasa hapo ndipo ubishi unapoanza. Wazee wa pwani wanasema zamani haikuwa hivi. Watu wa bara wanajibu kwamba mto ulikuwa mwekundu tangu enzi za babu zao. Tungeweza kubishana mpaka jioni, lakini kuna shahidi ambaye hana upande, naye ni tumbawe.

Matumbawe wengi wetu tunayaona kama mawe tu, hata tunajengea nyumba. Kumbe ni kazi ya wadudu wadogo sana wa baharini ambao hujitengenezea mifupa ya chokaa. Aina moja kubwa ya mviringo huongezeka kama sentimita moja hivi kila mwaka, na kila mwaka huacha mstari wake, kama vile mti unavyoacha duara ndani ya shina. Wataalamu hutoboa tumbawe, hutoa kipande kirefu kama mwiko wa ugali, hukipiga picha ya eksirei, na kuhesabu miaka kurudi nyuma. Tumbawe halifi kwa kutobolewa hivyo.

Je, udongo unaingiaje katika kitabu hicho? Udongo wa mfinyanzi umebeba ndani yake madini kidogo yanayoitwa bariamu. Katika maji matamu ya mto, bariamu hiyo hushikamana na udongo. Mto ukikutana na maji ya chumvi, inaachia udongo na kuyeyuka baharini. Tumbawe linapojenga chokaa yake linahitaji kalisiamu, na bariamu inafanana nayo kiasi cha kuweza kuingia mahali pake. Kwa hiyo mwaka ambao mto ulileta udongo mwingi, mstari wa mwaka huo una bariamu nyingi. Hakuna karani anayeweza kubadilisha hesabu hiyo.

Mwaka 2007 wanasayansi wakiongozwa na Dominik Fleitmann walichapisha hesabu ya tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Walikuta nini? Kutoka 1700 mpaka 1900 udongo uliofika baharini ulikuwa karibu kiasi kile kile kila mara. Baada ya 1900 ukaanza kupanda, na haukuacha kupanda. Kilele kilikuwa kati ya 1974 na 1980, ambapo ulifika mara tano mpaka mara kumi ya ule wa kabla ya 1900. Sababu walizotaja ni watu kuongezeka upesi, ardhi kutumiwa bila utaratibu, misitu kukatwa, na ukame mkali wa mwanzo wa miaka ya sabini. Ninyi wazee mnaukumbuka ukame huo. Mvua iliporudi ilikuta ardhi iko uchi.

Kwa hiyo wazee wa pwani walisema kweli. Lakini tusiwaonee watu wa bara. Mstari unaanza kupanda wakati wageni walipochukua ardhi nzuri na wenyeji wakabanwa katika sehemu ndogo. Katika miaka ya thelathini serikali ya kikoloni ililaumu ng'ombe wa Wakamba kwa kuharibu ardhi, ikaanza kuwauza kwa nguvu, mpaka mwaka 1938 watu wakatembea hadi Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kudai mifugo yao. Mtu akilazimishwa kuhifadhi udongo hivyo, atauchukia huo uhifadhi wenyewe.

Tuseme pia ukweli kwamba matope hayakuua matumbawe yote ya Malindi. Yale yasiyovumilia matope yalipungua na yale yanayovumilia yakachukua nafasi. Pigo kubwa zaidi lilikuwa joto la mwaka 1998, wakati maji ya bahari yalipopata moto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakawa meupe na kufa. Joto hilo hatuwezi kulizuia kwa jembe. Lakini tumbawe lililopigwa na joto, halafu likafunikwa na matope yanayoziba mwanga, linapata taabu kuanza upya. Na samaki wengi wa wavuvi wadogo wanategemea mwamba huo.

Mama mmoja atauliza, na ana haki kuuliza: kwa nini mimi wa Ukambani nivunjike mgongo kwa sababu ya samaki wa watu wa Malindi? Jibu letu ni kwamba usichimbe kwa sababu ya samaki. Udongo unaofika Malindi ni ule wa juu, wenye mbolea, ambao mahindi yako yalikuwa yanautegemea. Mvuvi anakataa kuupokea, na wewe hukutaka kuutoa. Kwa jambo hili ninyi wawili hamna ugomvi.

Na inawezekana. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos. Walionyesha kwamba tangu miaka ya thelathini watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado mashamba mengi yalikuwa yamepata matuta. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya mwethya, yaani akina mama. (Hati ya shamba ina jina la baba, mtaro una jasho la mama. Jambo hilo tutalizungumza siku nyingine, lakini halijasahauliwa.)

Kwa walio wapya: fanya juu ni mtaro wa futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, na udongo wake unatupwa upande wa juu wa mteremko. Lazima ufuate usawa wa ardhi, upimwe kwa kamba na kipimo cha maji. Ukikisia kwa macho, maji yatakimbilia upande mmoja na kukuchimbia korongo. Juu ya tuta panda nepia au makarikari mara moja, kwa maana tuta lisilo na nyasi halimalizi misimu miwili.

Tunawaomba pia mweke hesabu, kama tumbawe. Mvua kubwa ikinyesha, chukueni chupa ya maji yanayotoka shambani lenye matuta na nyingine kutoka shamba lisilo na matuta, chupa za ukubwa mmoja. Ziacheni zitulie siku mbili, halafu pimeni kwa rula unene wa matope yaliyokaa chini. Katibu aandike tarehe na kipimo katika daftari la kikundi, pale pale anapoandika michango. Vikundi vya Malindi navyo viandike siku ambazo maji yanageuka rangi, na upepo ulikuwa kusi au kaskazi. Baada ya msimu tutaweka madaftari hayo mezani pamoja.

Kipimo cha maji kiko kimoja tu katika ofisi ya parokia, kwa hiyo vikundi vipangiane zamu, na mitaro iwe imekwisha kabla ya mvua za vuli. Karibuni kwa maswali.